Rifu ya mita nane iliyokuwa mita mbili

Reli inayotoka Kaliua kwenda Mpanda, kilomita 210 za kupasua pori la miombo na kuvuka mto Ugalla, haikujengwa kwa ajili ya abiria, wala asali, wala mahindi. Ilijengwa kwa ajili ya risasi. Nasema madini ya risasi, si ya bunduki. Ilifika Mpanda mwaka 1950 kuufuata mgodi wa Mukwamba wa kampuni ya Uruwira Minerals, ambako mwamba mmoja ulibeba risasi, shaba, fedha na dhahabu kwa pamoja. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, nchi ikapata Uhuru mwaka uliofuata, na reli ikabaki na abiria wake, asali na mahindi.

Nimefanya utafiti wa madini Chunya na Kanda ya Ziwa pia, lakini kazi iliyonifundisha zaidi niliifanya huko Katavi, kwenye kilima kimoja kilichojificha porini, ambacho sitakitaja jina kwa sababu leseni ina wenyewe. Madini ya fedha yalikuwepo na dhahabu ilikuwepo. Jiwe zuri, hata hivyo, kila kilima kinalo. Kila ukifika kijijini na gari lenye nembo ya kampuni, watu wanakuja na jiwe mfukoni, limefungwa kwenye kitambaa, na mara nyingi ni jiwe zuri kweli. Nami huwa naliangalia kwa heshima, kisha nauliza swali ambalo si wachimbaji tu, hata wawekezaji waliovaa tai hawalipendi: mwamba wenyewe una umbo gani? Unaanzia wapi, unalala kuelekea wapi, unene wake ni kiasi gani, unaishia wapi? Kazi yote ya utafiti, pamoja na pesa yote inayomwagika humo, ni kulijibu hilo.

Kwa eneo lililowahi kuguswa na wazungu wa zamani, kazi haianzi na nyundo. Inaanza Dodoma, kwenye kumbukumbu za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Humo kuna ramani za robo digrii zilizochorwa kwa mkono mtulivu kuliko wangu, na ripoti za taipureta ambazo karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Kilima chetu kilikuwa na mistari michache tu katika ripoti moja: mshipa wa kwatsi, lile jiwe jeupe gumu, wenye galena, yaani madini yaliyobeba risasi, mashimo mawili ya majaribio, vipimo vya dhahabu vimeandikwa kwa peniweti kwa tani. Hapo lazima utulie. Peniweti moja ni gramu 1.555, hilo halina ubishi, ila tani ni ipi? Tani ndefu ya Kiingereza ina ratili 2,240, ile fupi ina ratili 2,000. Peniweti 10 kwa tani ndefu ni kama gramu 15.3 kwa tani yetu ya leo. Kwa tani fupi zinakuwa kama 17.1. Nimeona vitabu vya kuwavutia wawekezaji ambavyo mtu alichagua tani iliyompendeza.

Miamba ya huko ni ya Ukanda wa Ubende, unaoshuka kutoka kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki, sambamba na Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ukiegemea ubavu wa ile nchi ngumu ya kale iliyobeba Geita na Bulyanhulu. Umri wake unakaribia miaka bilioni 2. Ulibanwa, ukakunjwa, ukapikwa chini ya ardhi hadi mawe yakawa naisi na shisti, miamba yenye matabaka, na ulipopoa ukaanza kukatika. Jambo la kuzingatia ni kwamba ukatikaji ule umekuwa ukirudia njia zilezile. Hata Bonde la Ufa la Rukwa, ambalo ni la juzijuzi tu kwa hesabu za jiolojia, limefuata mikunjo ya wazee wake. Maji ya moto yaliyobeba chumvi na metali yalipanda kwenye nyufa hizo. Joto na shinikizo vikabadilika, kwatsi ikaganda, na galena, shaba na dhahabu vikaganda pamoja nayo. Kwa hiyo mtafiti anayetembea Katavi na dira anajua mapema kwamba mishipa itapenda kufuata mwelekeo wa ukanda, na anaitilia maanani zaidi ile inayokwenda kinyume, kwa sababu pale mishipa inapopinda au kukutana ndipo madini hulundikana.

Tulipanda kilimani kiangazi, baada ya nyasi kuungua. Masika huwezi, mito inakata barabara, na nyasi zinakuzidi urefu hata mwamba ulio hatua tatu mbele yako huuoni. Moto wa Juni na Julai ni rafiki wa mjiolojia, ingawa mbung'o hawaungui. Aliyetuonyesha njia alikuwa mzee mmoja mrina asali, mwenye mizinga yake ya magome kwenye miti ya miyombo, na huyo mzee alikuwa anaijua miamba ya kilima kile kuliko ramani yoyote. "Kijana wangu," aliniambia, "mawe mazito yako upande huu wa kijito. Upande ule ni mawe mepesi." Sikumwelewa mpaka nilipoinua la kwanza.

Lilikuwa limechakaa, la rangi ya kutu iliyoiva, limejaa vitundu vya mraba kama vile mtu ametoboa kwa patasi. Vitundu hivyo ndimo galena ilimokaa kabla mvua za maelfu ya miaka hazijaiyeyusha. Nikalipasua. Katikati kulikuwa na kipande kisichoguswa, cha kijivu king'avu, kinachokatika kwa pembe nne kila kinapovunjika. Uzito wa galena ni mara 7.5 ya maji. Kwatsi ni 2.65 tu. Mkono unajua kabla ya jicho. Fedha sasa ndiyo huioni kabisa: imejificha ndani ya galena yenyewe, au katika chembe ndogo za madini mengine zilizomezwa humo, na mtu anayekuja na lenzi akitarajia kuona nyuzi za fedha zinamemeta atarudi nyumbani akisema hakuna kitu. Katika sehemu kama ile, fedha inafuatwa kwa kuifuata risasi.

Wachimbaji wadogo walikuwa wameshatutangulia, kama kawaida. Palikuwa na maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia, kadhaa yaliyofuatana juu ya mgongo wa kilima, na makarasha mawili, mashine za kusagia mwamba, bondeni. Msimamizi wa duara kubwa alikuwa mtu wa maneno machache na kiburi cha haki.

"Mtaalamu, hapa rifu ni mita nane. Shuka ujionee mwenyewe."

Nikashuka kwa kamba, miguu ikitafuta vishimo walivyochonga ukutani. Kweli, kuanzia pale mwamba mweupe, yaani rifu, mshipa wenyewe wenye mali, ulipoanza mpaka pale ulipokwisha chini ya miguu yangu, tepu ilisoma mita nane. Alikuwa hajanidanganya. Lakini duara lile lilikuwa limechimbwa wima, na rifu ilikuwa imesimama karibu wima nayo: dira ilinipa mwinamo wa nyuzi 75. Shimo la wima likipita ndani ya ubao uliosimama hivyo, linasafiri ndani yake muda mrefu kabla ya kutoka upande wa pili. Unene wa kweli unapimwa kukata rifu kwa pembe mraba, ukuta hadi ukuta. Nikapima hivyo, yeye akishika ncha ya tepu. Mita mbili na kidogo.

"Sasa mtaalamu, umekuja kutukatia rifu yetu!"

Tulicheka wote, ila hesabu ile ndiyo inayoua miradi mingi ya watu. Nimeona andiko la mkopo lililojengwa juu ya rifu ya namna hiyo, mara nne ya ukweli. Na kampuni kubwa nazo haziko salama: mashimo ya kuchoronga yakilazwa vibaya hufanya jambo lilelile, tena kwa fedha za kigeni. Ndiyo maana shimo huinamishwa likabiliane na mshipa. Mshipa ukiinama nyuzi 60 upande mmoja na shimo likiinama nyuzi 60 kutoka upande wa pili, mita 2 ulizozikuta kwenye koa, ule mche wa mwamba unaotolewa na mtambo wa kuchoronga, ni mita 1.73 za kweli. Hapo unaweza kuongea na mtu.

Nilipokuwa bado chini mule, taa yangu ilipita ukutani kwa mshazari na nikaona kitu ambacho msimamizi alikuwa akikipita kila siku: mikwaruzo. Mistari myembamba iliyolala kwenye uso wa mwamba, yote ikishuka kuelekea kusini mashariki, alama za ukuta mmoja uliposuguana na mwenzake. Nilikwenda kuitafuta kwenye maduara mengine, nikaikuta ileile, na galena nene nayo ilikuwa inahama kidogo kidogo kuelekea hukohuko kadiri walivyochimba. Maana yake ni kwamba ndani ya mshipa, sehemu tajiri haikuwa imetanda sawasawa kama shuka. Ilikuwa na umbo la dengu iliyorefuka, imelala ndani ya mshipa na kuteremka kwa mshazari.

Tuyaache maduara kwanza. Nje ya mgongo ule kila kitu kilikuwa kimefunikwa na udongo mwekundu na koko la chuma, ile ngozi ngumu ambayo watu wa huko hujengea misingi ya nyumba. Kuchukua sampuli za udongo juu ya koko kuna mtego wake, kwa kuwa chuma na manganizi hunyonya risasi iliyosafiri na maji na kuilimbikiza mahali ambapo chini yake hakuna mshipa wowote. Unapata ramani inayowaka nyekundu, unachimba mtaro, unakuta udongo wa mfinyanzi. Dawa yake tuliyoitumia ni vichuguu. Mchwa wa miombo huteremka kutafuta unyevu, mita nyingi chini ya koko, na hupanda na chembe za udongo wa huko. Kichuguu kikubwa ni shimo la utafiti ambalo mtu mwingine ameshalichimba bure. Vijana wetu, wengi wao wa Katumba, watoto wa familia zilizotoka Burundi mwaka 1972, walizoea kazi hiyo haraka: unakwangua ngozi ya nje, unachukua ya ndani, unachekecha, unaandika namba mara mbili, moja kwenye mfuko na nyingine kwenye kijikaratasi ndani ya mfuko, maana wino wa nje hufutika njiani.

Tulikuwa na ile bunduki ya eksirei inayosoma metali palepale. Watu wanaipenda mno. Kwa risasi na zinki ni chombo kizuri, inakupa jibu kabla hujamaliza kukunja suruali. Kwa fedha ya kiwango cha udongo haina macho ya kutosha, na kwa dhahabu ni kipofu kabisa, kwa sababu dhahabu kwenye udongo huhesabiwa kwa sehemu kwa bilioni. Bunduki ya jamii hiyohiyo ndiyo inayopima usafi wa dhahabu kwenye masoko ya madini yaliyoanza nchini mwaka 2019, na huko inafanya kazi vizuri kwa sababu kipande kizima ni metali. Basi akitokea mtu shambani akakuonyesha namba ya dhahabu kwenye kioo cha bunduki aliyoielekeza kwenye udongo, mshukuru, na usitoe pesa. Sisi tuliitumia kusoma risasi kwenye vichuguu, na penye risasi ndipo tulipotuma sampuli maabara Mwanza kwa dhahabu na fedha. Risasi haitembei sana udongoni ukilinganisha na zinki. Inabaki jirani na nyumbani. Ikachora mstari mmoja safi, ukitoka mwisho wa maduara na kuendelea kusini mashariki chini ya udongo ambako hakuna aliyewahi kupiga jembe.

Mtambo wa kuchoronga ulipofika, ulikuja na ubishi. Ofisi ya mjini ilitaka mashimo yawekwe moja kwa moja chini ya maduara. Sababu yao ilieleweka: pale ndipo palipojulikana kuna mali, na aliyeweka pesa anataka kuona mali. Sisi wa kilimani tulitaka kufuata mikwaruzo. Ikawa nusu kwa nusu. Mashimo ya chini ya maduara yalikuta mshipa, ndiyo, lakini mwembamba na mkavu, kwatsi nyeupe isiyo na kitu, kwa sababu dengu ilikuwa imeshateremka ikapita. Yale ya kusini mashariki yalitoa koa ambayo hata mpishi wa kambi alikuja kuitazama: kwatsi ya kijivu yenye mistari ya galena na pairaiti, madini ya chuma na salfa, na pembeni yake mwamba uliobadilika rangi.

Koa hukatwa kwa urefu kwa msumeno wa almasi, nusu inakwenda maabara, nusu inabaki kwenye trei. Wageni huuliza kwa nini tunajisumbua na ile nusu inayobaki kula vumbi. Mwaka 1997 kampuni ya Bre-X ya Kanada ilianguka pamoja na thamani ya mabilioni ya dola, baada ya kubainika kwamba sampuli za Busang, porini Kalimantan huko Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Wao walikuwa wakiisaga koa nzima, hivyo hapakuwa na nusu ya kurudi kuiangalia. Tangu hapo anayesaga koa nzima inambidi aeleze kwa nini. Na katikati ya mifuko inayokwenda maabara huwa tunachomeka mifuko yetu ya mtego: mmoja wenye kiwango kinachojulikana, mmoja wa mwamba usio na kitu, mmoja wa marudio ya sampuli ileile. Kwa dhahabu ya punje punje marudio hayalingani kamwe, na hilo lenyewe ni habari. Linakwambia punje ni kubwa na sampuli yako ni ndogo. Fedha ilikuwa tulivu zaidi, inapanda na kushuka pamoja na risasi kama kivuli chake.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana ndiko kila kitu kinakoelekea. Chukua dengu yenye urefu wa mita 200, inayoteremka mita 100, unene wa kweli mita 2, uzito wa mwamba tani 2.8 kwa mita ya ujazo. Unapata tani 112,000. Ikiwa na gramu 5 za dhahabu kwa tani, ni kilo 560, yaani kama wakia 18,000. Weka na fedha ya gramu 60 kwa tani: kilo 6,720, kama wakia 216,000. Inasikika nyingi, mpaka ukumbuke bei. Ikiwa wakia 80 za fedha ndizo zinazonunua wakia moja ya dhahabu, mlima wote ule wa fedha ni sawa na wakia 2,700 za dhahabu. Fedha ilituongoza kwenye dhahabu, ila mishahara isingetoka humo. Namba hizi ni za mfano, ila za kilimani hazikuwa mbali nazo. Kwa kampuni inayopaswa kutengeneza barabara, kuvuta umeme, kujenga kinu na bwawa la marudio, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa, hazitoshi. Kwa wachimbaji wadogo ni maisha ya miaka mingi. Kampuni ikarudisha leseni, ripoti ikakabidhiwa serikalini, na wale wa maduara wakaomba leseni zao ndogo.

Kabla ya kuondoka nilikaa nao nikawachorea dengu kwenye mchanga, nikawaonyesha mikwaruzo. Msimamizi alielewa kabla sijamaliza. Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi kuliingiza. Walikuwa wakilalamika kwamba zebaki ya kunasia dhahabu "inakataa kushika", inavunjika vunjika kama unga na dhahabu inabaki kwenye marudio. Mwamba wenye galena nyingi hufanya hivyo. Wakaishia kuongeza zebaki, na kusaga zaidi, makavu, vumbi likitanda mpaka kwenye vibanda walimolala wake na watoto. Vumbi lile ni risasi. Mwaka 2010 huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, dhahabu iliyokaa ndani ya mwamba wa risasi ilisagwa majumbani, wakati mwingine kwa mashine zilezile za nafaka, na zaidi ya watoto 400 walikufa. Niliwaambia hivyo bila kupamba. Mama lishe mmoja, aliyekuwa akipika hatua chache kutoka karasha, alinitazama kwa muda akauliza, "Kwa hiyo baba, hata huu wali?" Nikamwambia hata huo. Kesho yake jiko lilikuwa limehamia juu ya upepo, na mmoja wa wenye makarasha akaanza kunyunyiza maji. Mwingine alisema maji ni ya kununua, na hilo nalo ni kweli. Kijito kinakauka Agosti.

Shimo letu la mbali kabisa kusini mashariki lilikuta mshipa wa unene uleule, galena bado imo, na ng'ambo yake mstari wa vichuguu vyenye risasi unaendelea hadi ukingo wa mbuga. Hapo hakuna aliyechoronga.